Mashua Ndogo Mlangoni mwa Bandari

Sisi tukaao Mazimbu, chini ya milima ya Uluguru, twadhani habari za bahari hazituhusu. Walakini vijana wetu huteremka Dar es Salaam kutafuta riziki, na wengine huipata katika mashua za wavuvi. Mlango wa bandari ile ni mwembamba, na meli kubwa za makasha hupita humo.

Wengi husema chombo cha tanga hupishwa daima. Sivyo. Kanuni za mataifa za mwaka 1972 zakikataza kuizuia meli isiyoweza kupita salama ila katika mkondo mwembamba. Tena zaidai hata mashua isiyofika meta 7 iwe na taa au kurunzi tayari usiku.

Enyi wazazi, mnapomwombea mwana wenu kwa Maria, Nyota ya Bahari, mwulizeni pia kama anayo kurunzi.