Daftari Lako Nimelisoma

Mjukuu wangu. Kaa hapa barazani, upepo wa ziwa unapita vizuri. Daftari lako nimelisoma lote, usiku wa jana na asubuhi hii, mpaka macho yakaniuma.

Nianze na lililonichoma. Kurasa za mwanzo zote ni Kiswahili. Tangu barua ya chuo ilipofika, umeandika Kiingereza kitupu. Treni hujaipanda bado, ulimi wako umeshatangulia uwanja wa ndege.

Nimeona pia vina na mizani umevitupa. Zamani ningekukemea. Mimi nimekulia Ujiji, mji aliozaliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1924, yule aliyekuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka 1954, nasi tulikishika kama seremala na futi yake: mizani nane huku, nane kule, kina cha kati na cha mwisho. Kilichopungua hapo si shairi. Basi diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, isiyofuata vina wala mizani, ilipotoka 1974, mimi mwalimu kijana nilikuwa miongoni mwa waliosema yule bwana hajui kutunga. Nilisema kwa sauti kubwa, tena bila kuisoma.

Nilipokuja kuisoma niliona haya. Alizaliwa 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Mtu wa maji kama sisi, ila ziwa lake ni lile jingine. Kikerewe ndicho cha nyumbani kwao, na Kiswahili alikifuata, kama ninyi mlioanza na Kiha. Na waliomtangulia aliwasoma hasa: tasnifu yake ya uzamili, 1976, aliiandika juu ya riwaya za Shaaban Robert. Ukuta wa waliomtangulia aliupapasa jiwe kwa jiwe. Wewe, nikikuomba sasa hivi unitungie ubeti mmoja wa tarbia, utaweza? Nyamaza, usinijibu. Ukifika huko utunge mmoja tu uliotimia, kisha uuchane ukitaka.

Akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akapata udaktari 1985. Tasnifu ile aliiandika Kiingereza. Wengi wakishaonja hilo, huendelea kuwaandikia wasomi wa huko hadi uzeeni. Yeye alitoa diwani ya Karibu Ndani 1988, halafu riwaya za Nagona 1990 na Mzingile 1991, Kiswahili cha kukutoa jasho. Sikufichi, si vyote nilivyovipenda. Ziko kurasa za Nagona naona alijifungia ndani na ufunguo akabaki nao mfukoni.

Miaka ya tisini akaondoka tena, safari hii kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Hebu fikiri: mtu wa kisiwani anahamia nchi ambayo sehemu kubwa ni jangwa la Kalahari, na fedha yake inaitwa pula, yaani mvua. Sokoni Kitswana, darasani Kiingereza. Kiswahili hakikuwa cha kumnunulia hata fungu la nyanya. Na 2008 akatoa Dhifa. Mashairi. Ya Kiswahili.

Hapo ndipo nataka utulie. Sidhani kama kuna mtu kule aliyekuwa akimdai mashairi yale. Angeweza kusema Kiswahili nimekiacha Dar es Salaam, nitakikuta nikirudi. Wewe umewaona wavuvi wa dagaa hapa Bangwe. Mwezi ukipevuka taa zao huzidiwa, wakapumzika. Lakini siku hizo hawashindi kwenye bao. Utawakuta wanashona nyavu na kuziba mitumbwi. Giza likirudi, ambaye hakushona atateremsha nini majini? Huko uendako ni mbalamwezi, mjukuu wangu, tena ya miaka minne. Kiingereza chao kiandike vizuri, kwa masomo yao, usiwe mvivu. Daftari hili liwe wavu wako.

Mzee wa watu, Kezilahabi, alifariki Januari 2020. Siku ile nilitafuta Kichomi yangu nikakuta mchwa wamekula jalada, nikasoma hivyo hivyo.

Haya. Migebuka mikavu mama yako ameifunga mara tatu, lakini nasikia viwanja vya huko vina mbwa wa kunusa. Wakikunyang'anya usigombane nao. Daftari hawatalitaka. Nimekuwekea alama ya penseli kila ulipokosea ngeli, na zipo nyingi kuliko nilivyotarajia kwa mjukuu wa mwalimu. Ukitunga kitu nipigie unisomee, hata usiku. Simu hapa inashika vizuri nikisimama chini ya mwembe. Hayo masivina yako nayo nisomee. Nitakuwa nahesabu mizani kwa vidole, lakini sitakwambia.