Ardhi Iliyoachwa kwa Makusudi

Miongoni mwa fikira zinazotawala maisha ya watu bila ya kuulizwa hoja zake, mojawapo ni hii, kwamba ardhi isiyo na nyumba juu yake ni ardhi inayongoja nyumba. Fikira hii haina mwandishi wala mhubiri, walakini imeenea kuliko mafundisho mengi yenye wahubiri. Imo kinywani mwa dalali, imo katika karatasi za mipango miji, na, lenye kuhuzunisha zaidi, imo moyoni mwa mkulima mwenyewe, ambaye siku hizi hulitazama jaluba alilorithi kwa babu yake akaona viwanja vilivyokaa bure.

Kagongwa ni mahali pafaapo kuipima fikira hiyo. Ni mji mdogo wa mashine za kukoboa mpunga, ulio njiani baina ya Isaka na Kahama, ambako malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo hayakomi kupita usiku na mchana. Msafiri apitaye huko katikati ya masika huona majaluba yaliyojaa maji yakienea mpaka upeo wa macho, kijani cha mpunga mchanga kikipishana na weupe wa maji, migunga imesimama mmoja mmoja juu ya vichuguu, na yangeyange wakiwafuata maksai nyuma ya jembe. Ni mandhari ambayo, kwa hukumu yangu, haizidiwi na ufuko wowote unaosifiwa na wageni. Kisha, pasipo mpaka wa dhahiri, huanza kuona mapagale ya tofali za kuchoma yaliyosimama ndani ya maji hayo hayo, na mawe ya mipaka ya zege yakichungulia baina ya mashina ya mpunga.

Sababu zake hazifichiki. Isaka ina reli na bandari kavu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kazi mwaka 2001 na wa Buzwagi mwaka 2009, na ijapokuwa Buzwagi umekwisha kufungwa, watu waliovutwa na dhahabu hawakurudi walikotoka. Kahama ikawa manispaa mwaka 2021, na sensa ya mwaka uliofuata ilikuta humo watu zaidi ya 450,000, karibu mara mbili ya waliohesabiwa mwaka 2012. Watu hao wote wapaswa kulala mahali. Dereva aliyepanga chumba kimoja miaka mingi ana haki ya kutamani kuta zake mwenyewe, na mkulima mwenye mgonjwa hospitalini na mtoto anayedaiwa ada hawezi kulaumiwa akiuza kwa siku moja kitu ambacho mavuno ya miaka mingi yasingemlipa. Kwa hiyo sitafuti wa kumshitaki. Natafuta kujua imekuwaje mpaka wote, muuzaji na mnunuzi na mpimaji, wakaafikiana kwamba pale palikuwa hapana kitu.

Asili ya maafikiano hayo ni ya zamani. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, alifundisha mwishoni mwa karne ya 17 kwamba kazi ya mkono ndiyo izaayo milki, na kwamba ardhi iliyoachiwa maumbile peke yake ni sawa na iliyopotea bure. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, waliyotuwekea Waingereza hao hao, ilituachia desturi iliyodumu hata baada ya uhuru, kwamba ardhi tupu haina thamani, na kwamba aondolewaye mahali hulipwa mazao na majengo yake tu, udongo wenyewe ukihesabiwa si kitu. Sheria za mwaka 1999 ziliiondoa dhuluma hiyo zikakiri kwamba ardhi ina thamani, jambo la kushukuriwa. Lakini thamani iliyokiriwa imekuwa, sokoni, thamani ya kiwanja. Tena mwenye hati mjini hufungwa na sharti la kukiendeleza kiwanja chake katika muda aliowekewa, na akikiacha aweza kunyang'anywa. Hivi ardhi iliyopumzika, ambayo zamani ilihesabiwa si kitu, siku hizi huhesabiwa kuwa kosa.

Ni ajabu kwamba fikira hii imeshinda katika nchi ile ambayo wenyeji wake waliwahi kuikanusha kwa vitendo. Wasukuma wana ada ya ngitili: kipande cha malisho, cha mtu mmoja au cha kijiji kizima, hufungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie majani yakingali mabichi, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali na mahali pengine pote pamekwisha. Mpita njia asiyejua angesema shamba lile halina mwenyewe. Kumbe lina mwenyewe, lina mpaka, lina walinzi, na lina faini kwa avunjaye. Baraza la dagashida ndilo lililohukumu, na sungusungu, walinzi wa jadi ambao chimbuko lao ni pande hizi hizi za Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, mara nyingi ndio waliosimamia. Kuliacha lile shamba kulitaka kazi nyingi kuliko kulilima: kuvumilia kumwona ng'ombe wako amekonda ilhali majani yamesimama mbele ya macho yako, kumkatalia shemeji, kuamka usiku kufukuza mifugo ya jirani.

Na matunda ya kazi hiyo yalionekana. Shinyanga ilikuwa imekatwa misitu yake kwa ajili ya kuangamiza mbung'o na kupanda pamba, hata ikawa yatajwa kwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulikuta ngitili za kiasi cha hekta 600 tu, na ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu. Visiki vilivyokuwa hai chini ya udongo vilichipua vilipoachwa. Mbele ya ushahidi huu hoja ya Locke haisimami, maana hapa kuacha kwenyewe ndiko kazi iliyozaa mali. Mafakihi wa Kiislamu walilitambua jambo hili mapema: ingawa walimpa milki yule ahuishaye ardhi mfu, waliiweka kando hima, yaani malisho yaliyozuiliwa kwa manufaa ya umma, na harimu ya kisima, yaani ardhi inayokizunguka, wala hawakuruhusu ardhi ya namna hiyo kuitwa mfu ati kwa kuwa haikujengwa.

Majaluba ya Kagongwa yana daraja hiyo hiyo. Mbuga ile nyeusi huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua; miezi fulani ni bwawa, miezi fulani ni shamba, na baada ya mavuno ni malisho ya mabua kwa mifugo ya kila mtu. Nyumba huyakatiza mageuzi hayo yote. Tena udongo wenyewe huikataa: kuta hupasuka ufa tangu msingi hadi lenta, na maji ambayo jaluba lilikuwa likiyatuliza huingia sebuleni. Mwenye nyumba hununua moramu akapandisha uwanja wake. Maji yakaenda kwa jirani. Jirani naye akapandisha wake, na asiye na fedha za moramu akabaki bwawani. Wazee wa Kisukuma na Kinyamwezi walijenga juu, kwenye luseni, mchanga usiotuamisha maji, wakaiachia mbuga mpunga na ng'ombe, na hikima hiyo haikuhitaji kuandikwa kwa kuwa kila mtoto aliiona kwa macho.

Hapa huja pingamizi zito, nami siwezi kulipita. Uzuri wa mbuga huonwa na abiria, ilhali gharama ya kuutunza humwangukia mwenye jaluba. Ni haki gani basi kumwambia maskini asiuze ili wengine wapate mahali pa kupumzisha macho? Waingereza, walipotunga mwaka 1938 sheria ya kuuzungushia mji wa London ukanda wa mashamba yasiyojengwa, walikubali kwamba haitoshi kumkataza mwenye shamba, wakaziruhusu halmashauri kununua ardhi hiyo au kuagana na wenyewe kwa fidia. Ngitili nayo haikumtaka mtu mmoja ajinyime kwa ajili ya wote. Iliwafunga wote kwa pamoja, na aliyefunga malisho yake leo alijua atakayofaidi kiangazi.

Serikali ina kauli yake ya kupanga, kupima na kumilikisha, na utaratibu huo ni mwema ukifuatwa kwa mpango wake, kupanga kukitangulia kweli. Ramani ya Kagongwa yaweza kuyaandika majaluba kuwa ni ardhi inayotumika, kama iandikavyo shule na soko. Viwanja vikapimwa juu kwenye luseni, na mwenye jaluba akapewa huko sehemu yake badala ya haki ya kujenga bondeni, naye akaendelea kuvuna mpunga wake. Baraza la kuagana juu ya hayo lahitaji wakulima, wapangaji wenye kutafuta nyumba, na wazee waijuao njia ya maji, nalo lafaa kuketi kabla mpimaji hajashuka mbugani, kwa kuwa jiwe likisha kusimikwa na fedha kupokewa, mwenye jaluba hana tena la kuja kusema barazani.