Yai Moja, Daraja Mbili

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, Sura ya 16 katika Msahafu wetu imeitwa kwa jina la nyuki, nasi twaisoma miaka nenda miaka rudi. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kumtazama mdudu huyo kwa jicho la kuzingatia. Leo twataka tumtazame, kwani anao ushahidi juu ya jambo linaloiharibu miji yetu.

Katika mzinga huwamo jike mmoja mkubwa aitwaye malkia, na maelfu ya watumishi ambao nao pia ni majike. Malkia huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku moja, na huishi mwaka na zaidi. Mtumishi kwa kawaida hatagi, na katika msimu wa kazi nyingi huishi kama wiki 6 tu. Watu wa zamani walimdhania malkia kuwa ni mfalme dume, mpaka Jan Swammerdam wa Uholanzi, katika karne ya 17, alipompasua akamkuta ana vifuko vya mayai.

Je! Wawili hawa wametengwa na asili zao? La, hasha! Yai ni namna ile ile, la mama yule yule. Baada ya siku 3 yai huanguliwa likatoka buu, na mabuu yote hulishwa kwanza kitu cheupe mfano wa maziwa, kitokacho katika tezi za vichwa vya nyuki walezi. Zikipita kama siku 3 nyingine, buu la mtumishi hupunguziwa maziwa hayo, likachanganyiwa asali na chavua ya maua. Lakini buu la malkia huendelea kupewa maziwa hayo tele mpaka mwisho. Hapo ndipo njia zao zinapoachana.

Na sababu yake wataalamu wameieleza. Nyuma ya ubongo wa mdudu mna tezi mbili ndogo mno zitoazo homoni, nayo ni kitu kinachopita mwilini pamoja na damu, kikaviamrisha viungo vikue au vingoje. Kazi ya tezi hizo ilidhihirishwa na Mwingereza Vincent Wigglesworth katika miaka ya 1930, alipomchunguza mdudu mmoja mfyonza damu. Katika buu lilishwalo kimalkia homoni hiyo huzidi, na vifuko vya mayai vikakua. Katika buu la mtumishi huwa chache, na vifuko vile vikanyauka lingali ndani ya kijumba chake cha nta.

Na malkia akifa, hukatika harufu yake iliyokuwa ikiwazuia watumishi wasilee malkia mwingine. Hapo huyaendea mabuu machanga, ambayo yangekuwa watumishi, wakayalisha yale maziwa, na malkia mpya akatoka.

Basi wako wapi wasemao kwamba daraja imo katika damu? Twawasikia barazani wakisema: huyu ni mtoto wa fulani, hata akisomeshwa hatakuwa kitu, na yule ni binti, yamtosha jiko. Wakitakiwa dalili katika dini hawanayo, ndipo hukimbilia kusema kwamba ndivyo yalivyo maumbile. Na shahidi wa maumbile ndiye huyu, anawakadhibisha!

Atasema msemaji: Sheria hatuichukui kwa wadudu. Naam, ni kweli. Sheria twaichukua katika Kitabu na Sunna, na humo tumefundishwa kwamba ubora ni kwa ucha-Mungu. Wala mwanadamu si nyuki: buu likishapita siku zake chache hufungiwa mlango, na mtu mlango wake hubaki wazi, hata mzee aweza kusoma. Lakini wahenga wetu hawakukosea waliposema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyenyimwa chakula chema, na elimu, na neno la upole, kisha akaitwa mjinga wa kuzaliwa, amedhulumiwa mara mbili: kwanza kwa kunyimwa, tena kwa kusingiziwa.

Basi yatupasa, enyi ndugu, kila mmoja wetu atazame nyumbani kwake. Yuko binti aliyetolewa chuoni ili kaka yake asome? Na arudishwe. Yuko mtoto wa jirani aliyekosa karo, nasi tuna ziada? Na asaidiwe kabla mwaka haujakwisha. Tutaulizwa juu ya tuliowalea na tuliowaacha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate. Wabillahi tawfiki.