Kila Mtu na Seng'enge Yake

Ukinunua kompyuta ya mtumba hapa Kitengela, fundi atakukabidhi ikiwa tayari na Chrome. Hatakuuliza. Ukimuuliza kwa nini si kivinjari kingine, atakuangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini chapati ni ya mviringo. "Boss, si watu wote hutumia hii?"

Na hajakosea. Duniani kote, karibu kurasa mbili kati ya kila tatu hufunguliwa kwa Chrome. Ina kasi, ni ya bure, inapatikana hata kwa Kiswahili. Majirani wakiniuliza kivinjari kipi ni bora kwa kompyuta ya nyumbani, wanataka jibu la neno moja, na neno hilo wanalo tayari.

Lakini mimi naona maswali mawili ndani ya hilo moja. La kwanza: kipi kinanifaa mimi? Hilo ni la fundi. La pili: ni nini hutokea sote tukichagua kinachomfaa kila mtu peke yake? Hilo ni swali la maadili, na sisi wa Kajiado hatuna haja ya kulitafuta vitabuni. Tumeliona ardhini.

Sehemu kubwa ya kaunti hii iliwahi kuwa ranchi za pamoja, chini ya sheria ya mwaka 1968. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila familia ikapata hatimiliki yake. Viwanda vya EPZ vikaja Athi River, watu wakatafuta pa kulala, ploti zikauzwa. Mwenye kipande alizungusha seng'enge. Sasa, Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, iliwekewa ua pande nyingine lakini upande wa kusini ukaachwa wazi. Nyumbu na punda milia walitoka hapo wakati wa mvua, wakaenda malishoni kwenye mbuga za Athi na Kapiti, kisha wakarudi wakati wa kiangazi. Miaka ya 1970 nyumbu hao walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Miongo michache baadaye walibaki elfu chache.

Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo nafunga njia ya nyumbu. Kila mmoja alifunga chake tu. Alikuwa na haki, alikuwa na karo ya kulipa, na aliogopa wezi wa mifugo na wanyakuzi. Kila seng'enge ilikuwa na sababu nzuri. Njia ikafa hivyo hivyo.

Intaneti nayo ilianza kama malisho ya wazi. Mtu yeyote angeweza kuandika ukurasa na kivinjari chochote kingeusoma, kwa sababu kanuni zilikuwa za wote. Ndani ya kivinjari kuna injini inayosoma ukurasa, na leo zimebaki tatu kubwa: ya Google iliyo ndani ya Chrome, ya Apple iliyo ndani ya Safari, na ya Mozilla iliyo ndani ya Firefox. Edge, Opera na Brave zina rangi tofauti, lakini kwenye kompyuta zote huendeshwa na injini ile ile ya Chrome. Ni ploti nyingi juu ya ardhi ya mtu mmoja.

Shida iko wapi, kama mwenye ardhi ni mkarimu? Tumeshaona mwanzoni mwa miaka ya 2000. Internet Explorer ilishika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji, na Microsoft, ikiwa imeshinda, ikalala. Kutoka toleo la 6 mwaka 2001 hadi la 7 mwaka 2006 ni miaka mitano. Firefox, iliyotoka mwaka 2004, ndiyo iliyoiamsha. Leo mwenye geti ni kampuni inayoishi kwa kuuza matangazo. Mwaka 2024 Google ilianza kuzima kwenye Chrome programu za mtindo wa zamani za kuzuia matangazo, uBlock Origin ikiwamo. Ilisema ni kwa ajili ya usalama. Labda. Lakini tangazo la video linalojicheza lenyewe linakula bando lako, si lake.

Utaniambia: kompyuta yangu moja itabadilisha nini? Kihesabu, hakuna. Mwenye seng'enge naye angekwambia hivyo hivyo, kwamba waya wake mmoja haujaua nyumbu. Kama utetezi huo unamtosha kila mmoja, basi kitu kilichofanywa na sisi sote hakikufanywa na mtu. Hapo ndipo mimi nakataa. Kwenye harambee hutoi mia mbili ukidhani ndiyo itakayojenga darasa. Unatoa kwa sababu ni fungu lako. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, ila methali haisemi kibaba kimejaa nini.

Kuna pingamizi zito zaidi: nani analipa? Kumwambia mfugaji aache ardhi yake wazi kwa faida ya wote, huku jirani anajenga maghorofa ya kupangisha, ni kiburi tu. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi huku Kitengela takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasizungushe ua wala wasiuze. Ukilinganisha na bei ya ploti, hizo ni pesa kidogo sana. Lakini zilikiri jambo la kweli: kitu cha wote kina gharama, na si haki kumbebesha mmoja.

Kwa hiyo wajibu huenda na uwezo. Mama aliye saiba tarehe 30 Juni, dakika za mwisho za kuwasilisha ritani za KRA, hana deni kwa intaneti ya wazi. Tovuti ikitaka Chrome, atumie Chrome. Mimi niliyekaa nyumbani, ambaye kuhama kutanigharimu dakika kumi za kuhamisha paswadi na kurasa nilizohifadhi, sina kisingizio hicho. Tena, anayepanga kompyuta ya nyumbani huwachagulia na wengine. Watoto watakua wakidhani ile alama waliyoikuta kwenye kioo ndiyo intaneti yenyewe.

Sidai Firefox ni malaika. Pesa nyingi za Mozilla hutoka Google, inayolipa ili utafutaji wake uwe wa kwanza humo. Hata malisho yaliyobaki wazi yanategemea hela za jirani mwenye seng'enge ndefu. Hilo linanitia wasiwasi, lakini halinipi sababu ya kwenda kuongeza waya wangu.

Basi jibu langu kwa majirani si neno moja tena. Weka Firefox iwe ya kwanza, pamoja na uBlock Origin. Iache Chrome pembeni kwa tovuti zenye ukaidi, na tovuti ikikataa, waandikie wenyewe mistari miwili uwaambie. Jaribu wiki mbili. Ikikushinda, rudi ulikokuwa, hatutakosana. Ila urudi ukijua umechagua.