Mgeni wa Msimu

Mtu anayekwenda Marekani kwa mpango wa kubadilishana wageni huingia nchi ile akiwa tayari na tarehe ya kutoka. Tarehe hiyo huandikwa katika karatasi zake kabla hajafunga sanduku. Viza yake, ijulikanayo kama J-1, inatokana na sheria ya mwaka 1961 iliyotungwa ili watu wa mataifa wasome, wafundishe na wafahamiane, kisha kila mmoja arudi kwao na alichokipata. Wengi wao, hasa wanaogharimiwa na serikali, hufungwa na sharti jingine: wakimaliza, ni lazima wakakae makwao jumla ya miaka 2 ndipo waweze kuomba ukaazi wa kudumu wa Marekani, isipokuwa wakipata msamaha. Sharti hilo silioni kuwa baya. Mwenye nyumba anayekukaribisha huku akikutajia siku ya mwisho angalau hakudanganyi. Lakini ndani yake mna swali ambalo maofisa wa ubalozi hawana kazi nalo: mtu anayeijua siku yake ya kuondoka anadaiwa nini na mahali anapokaa? Aishi kama jirani, au kama abiria aliyeketi kituoni?

Sisi watu wa visiwa vya Kilwa hatukungoja kwenda Marekani ndipo tulijue swali hili. Katika mwambao wote wako wavuvi wanaofuata pepo na samaki, wakahama kwao kwa miezi kadhaa na kupiga kambi katika ufuo wa watu wengine. Hilo ndilo dago. Kaskazi ikivuma, kati ya Novemba na Machi hivi, vyombo huteremka kutoka Pemba, Unguja na Mafia. Kusi ikianza, wengi hurejea nayo. Mvuvi wa dago si mwenyeji wala si mpita njia. Hukaa muda wa kutosha kukijua kisima chenye maji matamu na duka linalokopesha, lakini hakai muda wa kutosha kuzikwa hapo, ila kwa bahati mbaya. Na adabu ya dago ni ya kale. Mgeni hatii nyavu majini kabla hajafika kwa wakubwa wa kijiji, siku hizi kwa mwenyekiti, akiwa na barua kutoka kwao, akaeleza wako wangapi, wanavua kwa mitego gani, watakaa hadi lini, na akalipa ushuru. Ukiitazama sana barua ile, haipishani mno na zile karatasi za ubalozi.

Songo Songo imejulikana nchini kwa gesi, iliyogunduliwa mwaka 1974 na ambayo tangu 2004 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam ili kuzalisha umeme. Lakini kabla ya gesi palikuwa na pweza, changu na majongoo, na wageni waliovifuata vitu hivyo. Mafundi wa mitambo nao ni wageni wa msimu kwa namna yao, maana huja kwa zamu wakaenda kwa zamu. Kwa hiyo kisiwa chetu kidogo kina uzoefu mkubwa wa watu wanaoondoka.

Uzoefu huo si mzuri wote. Zama za baruti, miamba ya Kilwa ilipokuwa ikilipuliwa mchana kweupe, watu wetu walipenda kusema kuwa walipuaji ni wageni. Haikuwa kweli tupu. Wako vijana wetu wenyewe waliolipua, na jamaa zao waliokula samaki wale bila kuuliza. Hata hivyo fikira iliyokuwa nyuma ya usemi huo ilikuwa sahihi. Baruti ni uvuvi wa mtu asiyetarajia kuwapo. Mwamba uliovunjika huchukua miaka mingi kupona, na mlipuaji huhesabu kwamba miaka hiyo itakuwa ya wengine.

Tena, katika miaka ya karibuni vijiji kadhaa vya Mafia na Kilwa vimejiwekea desturi ya kufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu hivi ili wakue. Siku ya kufungua, nani ana haki ya kuingia? Ni yule aliyevumilia miezi yote akiutazama mwamba kwa macho tu, au hata aliyetia nanga jana jioni? Nimeyasikia mabishano hayo yakiendelea mpaka taa zinazimwa, na sijamsikia aliyeyamaliza.

Mimi mwenyewe ni tunda la dago. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Pemba aliyefika na kaskazi, akaoa ndoa halali mbele ya mashahidi, akaondoka na kusi. Msimu uliofuata alirudi. Wa tatu hakuonekana, wala salamu hazikuja. Bibi hakumlaani hata siku moja. Alikuwa akisema kwamba kuondoka si kosa, kwani mvuvi ni mtu wa kuondoka. Kosa lake ni kuwa hakuitaja siku. “Alinipa miezi ile kana kwamba ni yangu yote,” ndivyo alivyosema, akaendelea kusuka ukili wake.

Haya ndiyo niliyokwenda nayo Chicago mwezi wa Agosti 2018, nilipopelekwa kwa mwaka mmoja wa masomo kuwa mwalimu msaidizi wa Kiswahili chini ya mpango wa Fulbright. Nilipangishiwa ghorofa ya juu ya nyumba moja huko Rogers Park, kaskazini mwa mji, si mbali na Ziwa Michigan. Ziwa lile kwa macho ni bahari kamili, ila halina chumvi wala bamvua. Jioni za mwanzo nilikaa ufukweni nikingojea maji yapwe. Kwa chakula sikupata taabu: mtaa wa Devon, kwenye maduka ya Wahindi na Wapakistani, kuna mchele, tende na hata nazi, ingawa nazi zenyewe zilikuwa zimezeeka kuliko mimi.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba katika mji ule mtu asiyewahi kukopa hajulikani. Ukitaka kupanga nyumba, ukitaka simu ya mkataba, huulizwa historia yako ya mikopo. Mimi niliyelelewa kuona fahari ya kufa bila deni, nikaambiwa sina sifa kwa sababu sina deni! Benki ilinishauri niweke amana, kisha nipewe kadi ya kukopa kwa kiasi hicho hicho. Yaani nikopeshwe kwa nguvu ya fedha yangu mwenyewe, niirudishe kwa wakati, ili nionekane mwaminifu. Nilicheka, lakini baadaye nikalikumbuka duka la nyumbani. Mgeni wa dago akishaandikwa katika daftari la mwenye duka, amekwisha kuwa mtu. Kumbe mawazo ni yale yale: anayeaminika si yule asiyechukua, ni yule aliyechukua akarudisha. Tofauti ni nani anayelishika daftari. Wa kwetu atakuja kunijulia hali nikiugua. La Chicago limo katika mashine, na sifa njema niliyoichuma kwa miezi tisa imebaki huko huko, haina faida kwa mtu yeyote Kilwa.

Mwenzangu mmoja, mgeni wa mpango kama wangu kutoka nchi nyingine, alikuwa na falsafa yake. Hakununua pazia wala hakutundika picha. Majirani aliwapita kwa heshima bila kusimama. Alisema kuzoeana na watu utakaowaacha mwezi wa Mei ni kupanda mwembe katika kiwanja cha kupanga. Hoja hiyo si ya kipuuzi, wala mwenye hoja hakuwa mchoyo. Alikuwa hataki kuumia na hataki kuumiza.

Chini yangu aliishi mzee mmoja mjane, ambaye wazazi wake walitoka Poland. Wiki ya kwanza alinisalimu, akaniuliza kwetu ni wapi, nami nikamchorea Songo Songo nyuma ya bahasha. Kisha akauliza nitaondoka lini. Maneno ya bibi yakanijia, nikamjibu: Mei. Mzee akatikisa kichwa. Akasema ghorofa ile ya juu hupata mtu mpya kila mwaka, na yeye amechoka kujifunza majina. Hakusema kwa ukali. Tangu siku hiyo akawa ananipungia mkono tu.

Hapo niliuona upande mwingine wa swali. Tukizungumza juu ya kuishi ugenini, huruma yetu yote huenda kwa mgeni: baridi, upweke, chakula kisicho na ladha, lugha inayokwenda mbio. Ni kweli tupu. Lakini anayeondoka huondoka mara moja, na anayebaki huachwa kila mwaka. Je, mzee alikuwa amekosa ukarimu? Sidhani. Alikuwa mwenye duka aliyeona majina mengi mno katika daftari lake yakisafiri.

Theluji ilipokuja nilikuta mila moja ya Chicago ambayo haimo katika sheria. Aliyefukua theluji mahali pa kuegesha gari barabarani huweka hapo kiti kikuukuu, ndoo au kipande cha ubao, na majirani hujua kuwa pale ni pake kwa siku kadhaa. Barabara ni ya umma, na serikali ya mji haimpi haki hiyo. Wengine huipenda mila hii, wengine huiona ni unyang'anyi. Mimi nilivutiwa na mantiki yake, maana katika ugomvi wa namna hiyo haiulizwi nani alizaliwa mtaa ule. Huulizwa nani alichimba. Lile ndilo shauri la mwamba wa pweza, ila wa Chicago walikuwa na kiti.

Mwisho wa Januari 2019 baridi ilizidi. Tarehe 30 ilishuka hadi karibu nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, na hata posta haikupeleka barua. Theluji ilikuwa imelala mlangoni tangu siku za nyuma, na mzee mgongo ulikuwa unamsumbua. Baridi ilipolegea nilimbishia hodi nikamwomba beleshi. Nikafukua njia ya kupita watu, kisha nikafukua mahali pa gari lake. Yeye ndiye aliyetoka na kiti. Siku ya pili alinipandishia bakuli la supu ya kabichi, nami nikalirudisha na wali wa nazi, kwa sababu kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akaniomba nimtajie tena jina langu. Lilimshinda, akachagua “Mwalimu”.

Mji wenyewe umewajua wageni wa kila aina. Anayehesabiwa kuwa mkazi wake wa kwanza wa kudumu, ukiwaacha wenyeji wa asili, ni Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi, mfanyabiashara aliyekuwa na makazi kwenye mdomo wa mto Chicago katika miaka ya 1780, na mkewe wa kabila la Potawatomi. Mwaka 1800 aliuza mali yake akahama, akafia Missouri mwaka 1818. Mkazi wa kudumu aliyeondoka! Hata hivyo mwaka 2021 mji uliiongezea barabara yake kubwa ya kando ya ziwa jina lake. Upande wa pili yuko Jane Addams, ambaye mwaka 1889, pamoja na Ellen Gates Starr, alifungua Hull House katikati ya wahamiaji maskini, akafanya makazi yake humo miaka mingi. Wako watakaosema ujirani wa kweli ni ule wa Addams. Nawaheshimu, ila wanalijibu swali la mtu anayebaki.

Swali langu ni la anayeondoka. Mwenzangu wa mwembe alihesabu hivi: kwa kuwa nitaondoka, nadaiwa kidogo. Mimi naona hesabu hiyo imepinduliwa. Mwenyeji asipolipa hisani ya jirani leo, ana mwakani. Ana mwanawe atakayeilipa. Ana msiba ambao atabeba jeneza. Mgeni wa msimu hana mwakani. Analopewa halina pa kulipiwa ila papo hapo, kabla upepo haujageuka. Na hawezi kudai kwamba, kwa kuwa amefukua theluji, moyo wa mwenyeji ufunguliwe. Aitaje siku yake, afanye kazi. Mlango ni wa mwenyewe. Kama yule mzee angeendelea kunipungia mkono tu mpaka Mei, asingekuwa amenikosea.

Lakini lipo jambo linalonishinda. Bibi angetajiwa siku, je, angekubali kuolewa? Mama aliwahi kumwuliza. Bibi alinyamaza kitambo, akasema asingekubali. Kisha akamtazama mama, akaona aibu, akabadili mazungumzo.

Mei 2019 nilimrudishia mzee beleshi lake. Aliniuliza nani anakuja baada yangu. Sikujua, wala chuo kilikuwa hakijasema. Usiku ule niliandika karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni: siku za kutoa takataka, duka la Devon lenye nazi, jina la mzee wa chini na namna ya kulitamka, na kwamba beleshi liko kwake, liombwe kabla theluji haijaanza.