Ole Wenu Mnaosaini Ijumaa

Sikieni, ninyi mliokabidhiwa funguo za zahanati. Nasema nikiwa Rungwa, huku kusini mwa Singida, ambako barabara ya Itigi hukata mapori na mbung'o hupanda basi bila nauli. Huku huwezi kuchagua kati ya zahanati hii na ile ya mtaa wa pili. Ikifungwa, imefungwa.

Ole wako mtumishi unayeripoti na begi moja, mengine umeyaacha mjini. Unapokea posho ya kujikimu, unangoja cheki namba ya mshahara. Ikitoka tu, unakumbuka una mwenza Dodoma na vidonda vya tumbo. Kwenye karatasi kijiji kina tabibu. Kwenye benchi yuko mama mwenye uchungu tangu saa nane za usiku.

Nawe mganga mfawidhi, usicheke. Katika zahanati moja, nisiyoitaja, niliona daftari la mahudhurio: Jumatatu hadi Ijumaa, wino uleule, saini zimelala upande mmoja, saa 1:30 siku zote tano. Hata jua halichomozi hivyo. Mwenye saini alikuwa semina tangu Jumanne. Aliyekuwepo ni muuguzi mmoja, na yeye ndiye ambaye hakuwa amesaini, kwa kukosa nafasi. Usiku alizalisha kwa tochi ya simu aliyoshikiwa na wifi wa mzazi. Asubuhi alipima watoto, akagawa dawa, akajaza vitabu vya taarifa vya MTUHA, akapiga deki. Barua ya onyo ikija, itakuwa yake, maana barua humfikia aliyepo.

Enyi wa ofisini mnaopanga semina, mnawaitaje watumishi wawili wa kituo kimoja wiki moja? Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kuta zikasimama, bati likang'aa. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ukawakumba watumishi 9,932 nchi nzima, wa afya wakiwamo. Mwenye cheti cha kughushi aondoke, sawa kabisa. Lakini pengo mkaliziba kwa neno gani? Kwa kumwambia aliyebaki, “Jitahidi, dada.” Neno hilo halina posho, wala halimpi likizo.

Wanakijiji mnaitikia, “Waambie!” Na ninyi subirini. Nani alimpangisha muuguzi huyo chumba kinachovuja kwa bei mara mbili kwa sababu ni mtumishi? Nani hugonga dirisha lake usiku wa manane kwa kichwa kilichoanza kuuma wiki iliyopita? Kamati ya zahanati mmeijaza mashemeji, haijamuuliza hata kama ana kitanda. Kisha kwenye mkutano wa kijiji mnasimama kusema ana majibu mabaya. Ndiyo, ana majibu mabaya. Hajalala tangu Jumapili.

Juzi nilipita kumsalimu. Alikuwa anafunga dirisha la dawa. Akanyoosha bahasha kupitia upenyo, akaniomba niifikishe Itigi, kwa kuwa mimi nina safari na yeye hana wa kumwachia zamu. Juu ameandika kwa mkono mzuri, bila haraka: Yah: Ombi la uhamisho.

Ninayo hapa mfukoni.