Mto Haujui Ukuta

Kisabengo alipojenga mji wake hapa Morogoro aliuzungushia ukuta wa mawe. Stanley aliuona mwaka 1871, wakati mtawala akiwa binti yake Kisabengo. Aliporudi mwaka 1872, alikuta mafuriko yamebeba sehemu ya ukuta ule pamoja na nyumba. Ukuta ulijengwa kumzuia adui wa mbele. Maji yalitoka juu, milimani.

Siku moja niliutembea mji huu kwa miguu, kutoka Soko Kuu la Chifu Kingalu hadi njia ipandayo Morningside, kando ya Mto Morogoro. Lawama niliyoisikia ilikuwa moja: watu wa Uluguru wanakata miti, wanalima miteremko, mto unajaa tope. Ni kweli, udongo usio na miti hushuka na mvua. Lakini je, mwenye kosa ni mkulima peke yake?

Kabichi na karoti pale sokoni zimetoka mlimani. Sisi tunapigania bei ya chini, na katika bei hiyo hamna fungu la mti ulioachwa usimame. Hata wa Dar es Salaam anywaye maji ya Ruvu ni mdeni wa milima hii.

Wa juu hana haki ya kuharibu. Wa chini naye hana haki ya kulaumu huku akifaidi bure. Tumchangie mkulima miche na matuta. Tukikataa, basi lawama zetu ni ukuta wa Kisabengo tu.